Kaseti ya Mwisho ya Amisi

Sisi tuliokulia Kasongo kabla simu hazijafika tulikuwa na shule mbili: ile ya mapadri asubuhi, na shamba la mpunga mchana. Mpunga ukianza kukomaa, kazi ya mtoto ilikuwa kufukuza ndege. Ulipanda juu ya kichanja, ukapiga kopo na kupaza sauti mpaka koo likakauka. Mama zetu walitufungia muhogo wa kuchemsha na karanga, na ukijaribu kuomba ruhusa ya Jumapili, jibu lilikuwa lilelile: "Ndege haijue siku ya Mungu." Vijana wa leo ukiwatuma shambani wanauliza kwanza kama kuna mtandao.

Muziki wetu ulizaliwa huko juu ya kichanja. Tulikuwa watatu. Amisi aliimba. Feruzi alipiga gitaa la kopo la mafuta lenye nyuzi za breki za baiskeli, na ndiyo maana baiskeli nyingi za mtaa wetu zilisimamishwa kwa kisigino. Mimi, msichana pekee, nilipiga ndoo. Nyimbo zetu zilikuwa fupi na za hasira. Tuliimba juu ya mkuu wa shule aliyetunyoa vipara, juu ya uji usio na sukari, juu ya ndege wenyewe. Wazee walisema hiyo ni kelele ya shambani iliyopotea njia ikaingia mjini. Mtoto wa kaka yangu ananiambia kwamba muziki wa namna hiyo unaitwa panki, na kwamba ng'ambo watu wanalipwa kwa kuupiga. Sisi tulilipwa viboko.

Ufupi wa nyimbo ulikuwa na sababu. Amisi alizaliwa na ugonjwa wa damu, ule wa SS, unaotia maumivu kwenye mifupa na kuyafanya macho kuwa manjano. Pumzi yake haikufika mbali. Aliimba kwa nguvu zote, halafu akakaa chini, nasi tukafanya kama wimbo umeishia hapo.

Redio ya kaseti ilikuwa ya mjomba wake Feruzi, mchimba dhahabu wa Lusangi. Kwa redio hiyo tulikuwa tumerekodi albamu mbili, na neno albamu tulilitumia bila aibu. Ya tatu tuliipanga kwa wakati wa mavuno. Lakini Amisi alirudi kutoka hospitali amekonda sana, na mawe ya redio, yaani betri, yalikuwa yamechoka. Tuliyaanika juu ya bati, kama ilivyofanya kila nyumba, ili jua liyarudishie nguvu kidogo. Feruzi alitaka tumngoje mjomba wake alete mapya. Amisi akakataa.

"Mawe mupya yatafika," alisema. "Miye sijue kama yatanikuta."

Basi tukarekodi alasiri ileile uani kwao, kuku wakipita katikati yetu, mama yake akitwanga mpunga kando. Hatukuisikiliza kaseti. Tuliogopa kuyamaliza mawe.

Alikufa kabla mjomba hajarudi. Niliumia, na bado naumia, ingawa siku hizi naweza kuisimulia kama habari ya jirani.

Mjomba alifika na mawe mapya watu wakiwa bado kwenye matanga. Tukaiweka kaseti ili wote wamsikie marehemu. Ikatoka sauti nyembamba ya haraka, ya mtoto mdogo anayekimbizwa na nyuki. Watu waliokuwa wakilia wakaanza kucheka. Mama Amisi akainuka.

"Iyi haiko sauti ya mutoto wangu," akasema, akaingia ndani.

Hakuna kati yetu aliyejua kwamba siku ile mawe dhaifu yaliuvuta utepe polepole, na haya mapya sasa yanaukimbiza. Feruzi peke yake aliendelea kuipiga kaseti kwao kila jioni, mpaka mawe yale nayo yakachoka. Ndipo sauti ikashuka, na aliyekuwa anaimba akawa Amisi. Feruzi alitoka mbio kumwita Mama Amisi.

Mama alikuja na pumba za mpunga mikononi, akakaa kwenye kigoda. Akamsikia mwanawe kama alivyokuwa, na nyuma yake mchi wake mwenyewe. Mawe yakazidi kuchoka. Sauti ikazidi kushuka, ikawa nzito, ya mwanaume mwenye ndevu na watoto wake, kisha ikanyamaza. Feruzi alipotaka kuzima kabla haijanyamaza, mama alimshika mkono. Tangu siku hiyo, wakati kila mtu Kasongo alitafuta mawe mapya, yeye, ambaye mjomba alimwachia redio na kaseti, alipita kwa majirani akiomba yaliyochoka.

Leo nina duka dogo Kabambare. Vijana wanaokuja kununua sabuni wamebeba mfukoni muziki wa dunia nzima, na sijawahi kumwona hata mmoja akimaliza wimbo. Lakini sitawasema sana, kwa sababu ni mtoto wa kaka yangu huyohuyo aliyeihamisha nakala yangu ya kaseti yetu katika simu yake, akaupunguza mwendo kwa kidole mpaka Amisi akaimba kwa sauti yake halisi. Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimesikia kwamba redio ya Mama Amisi imekufa kabisa, haikubali tena mawe ya namna yoyote, na yule mzee anakaa bila kumsikia mwanawe. Tukapanda pikipiki hadi Kasongo, barabara ikituvunja migongo.

Aliishika simu sikioni, akasikiliza nyimbo zote mpaka wa mwisho. Kijana akamweleza kwa fahari kwamba simu haichoki kama redio. Hata akisikiliza mpaka mwaka kesho, sauti itabaki ileile.

Alimrudishia simu kwa mikono miwili.

"Aksanti, mutoto yangu," akasema. "Ni yeye kabisa. Lakini mu ile redio, kila mara alikuwa anakomaa, anafika kuwa mwanaume, kabla ya kunyamaza."