Mgongo wa Fundi

Fundi wa mtandao aliyeitwa kiwandani Ihumwa ana mazoea yake. Kabla ya kuigusa ruta huipuliza vumbi na kuifuta kwa pindo la shati, kisha husoma maandishi ya kompyuta kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza mbuzi mgonjwa. Kidole chake kimoja hakina kucha. Ikifika zamu ya neno la siri, humwachia mteja kibodi na kugeukia ukuta. Batuli, mwenye kiwanda cha kukamua alizeti, aliipenda tabia hiyo; yeye hamwamini mtu, shemeji zake ndio kabisa. Keshokutwa anakwenda India kupasuliwa, na anataka ruta ifanywe mlango wa VPN, njia ya siri ya mtandao, aone mauzo yake akiwa kitandani bila mtu kuchungulia njiani.

“Funguo ngapi, mama?”

“Mmoja. Wangu.”

Vidole vya fundi vikasimama. “Mteja wangu wa Kongwa naye alitaka mmoja. Alipofariki, ndugu zake walishika ofisi. Wanawe wakabaki nje, hawajui hata kilichouzwa.”

“Unanichuria, fundi?”

“Naweka mlango, mama. Nauliza nani ataingia usiporudi.”

Batuli akacheka kidogo, peke yake. “Weka wa pili. Wa Asma, binti yangu, yuko chuo Mwanza. Hapa asijue mtu.”

Fundi akageukia ukuta. Batuli akaandika, akafuta, akaandika tena, mpaka herufi zikawa hazionekani vizuri kwa machozi. Fundi hakugeuka, wala hakuuliza kama amemaliza.