Hina ya Majaribio

Shangazi yangu alikuwa na kazi ambayo watu wa bara nikiwaeleza hudhani nawatania. Alikuwa akialika. Kwetu Malindi mwenye arusi hasambazi kadi tu akalala. Lazima apite mtu nyumba kwa nyumba, abishe hodi, ataje katumwa na nani, siku gani na wapi, na aanze na mkubwa wa nyumba kabla ya wengine. Nyumba ikirukwa, watu hununiana mpaka wajukuu wasijue chanzo. Shangazi hakuwahi kuruka nyumba. Orodha yote aliibeba kichwani, na yeye akikualika, unakwenda.

Kisha magoti yakamgomea. Akawa hafiki hata mwisho wa mtaa bila kutafuta pa kukaa. Watu nao wakaanza kutangaza arusi kwenye makundi ya simu, ujumbe mmoja kwa wote, bibi kizee na mtoto wa shule sawasawa. Shangazi hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma. Alikaa uani akichambua mchicha, na kila akisikia vigelegele mtaa wa pili aliuliza ni kwa nani. Yeye, aliyekuwa wa kwanza kujua mji mzima.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na mdomo wangu hauna breki. Nikamwahidi kwamba nitamrudishia kazi yake. Nikamwita mwenzangu wa kazi, mtoto wa wakulima wa Tezo aliyepanga chumba Mtwapa, nikamweleza: shangazi aseme mwaliko mara moja, programu ipige simu kila nyumba, na kila nyumba isikie sauti yake mwenyewe. Alikubali kabla sijamaliza. Alisema kwao pia mtu ambaye hakuja mlangoni kusema hahesabiwi kuwa amealika.

Programu ya namna hii haikai kwenye kompyuta yangu. Inakaa kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi zilizo mbali, nasi tuliifungasha pamoja na kila inachohitaji, kama msafiri anayebeba hadi mto wake, ili popote itakapofunguliwa ifanye kazi vilevile. Tukaiwekea mazingira matatu. Ya kwanza yalikuwa kwenye kompyuta zetu, tuharibu tunavyotaka. Ya pili yalikuwa ya majaribio, huko huko winguni, yakifanana na ya kweli kwa kila kitu isipokuwa simu hazitoki. Ya tatu ndiyo ya kweli, ambako simu inalia kwa mtu. Shangazi nilimweleza kwamba mpishi huonja kiganjani kabla ya kupakua, akaniambia mbona sikusema hivyo tangu mwanzo.

Kwa majaribio tulihitaji sauti. Nikamwomba aseme chochote, hata moja, mbili, tatu. Aliniangalia vibaya. Tangu azaliwe hajabisha hodi kwa watu akaanza kuhesabu. Nikamwambia basi abuni arusi. Hilo nalo alilikataa: amzulie nani arusi, na mwenyewe akisikia? Mwisho alijitanda leso vizuri, utadhani simu inamwona, akasema kwa ile sauti yake ya mlangoni:

"Hodi wenyewe. Mwaalikwa siku ya hina, Alhamisi hii baada ya alasiri, nyumbani kwangu. Njooni na watoto."

Orodha ya nyumba aliyotutajia ilikuwa ya kweli, pamoja na namba za simu, kwa sababu orodha ya kubuni isingetuonyesha kama mkubwa wa nyumba anapigiwa kwanza. Hatukuwa na wasiwasi. Kwenye majaribio simu hazitoki.

Jumanne asubuhi mwenzangu alipandisha toleo jipya kwenye majaribio akiwa Mtwapa. Kila mazingira yana mipangilio yake, na katika kuhamisha, mipangilio ya kweli ikaingia kwenye majaribio. Mimi nilikuwa nyumbani, nimekaa ukumbini na chai yangu. Simu ya mama ikalia jikoni. Nikasikia, "Hodi wenyewe." Mama akaitikia karibu, kwa heshima zote, akijibu sauti iliyorekodiwa. Kabla sijainuka, sauti ile ile ikatoka kwa jirani wa kulia, kisha wa kushoto, kisha dirisha la juu ng'ambo ya njia. Shangazi alikuwa anabisha hodi mtaa mzima kwa wakati mmoja, na kila nyumba ilikuwa inamkaribisha.

Nilimpigia mwenzangu. Alipokea kwa furaha, akaniambia simu zote za majaribio zimefika, hakuna hata moja iliyokwama. Nilimfokea kwa maneno ambayo mama alinisema kwa ajili yake siku mbili zilizofuata. Alizima kila kitu, lakini alikuwa anafunga banda ng'ombe wameshatoka.

Nilikimbia kwa shangazi huku nikitunga msamaha njiani. Nilichoogopa hakikuwa programu. Mwanamke yule mali yake yote ilikuwa neno lake, nami nilikuwa nimelipeleka neno hilo kila nyumba likiwa tupu. Wakija Alhamisi wakute mlango umefungwa, nani atamwamini tena? Nikamwamkia, nikamweleza, nikamwambia tutapiga simu nyingine sasa hivi kusema ile ilikuwa ya majaribio. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama mkubwa wa nyumba alipigiwa kwanza. Nikasema ndiyo. Kila nyumba? Kila nyumba.

"Basi usipige tena," akasema. "Sauti ni yangu, siku ni Alhamisi, nyumba ni hii. Cha uongo kipi?"

"Bibi arusi hayupo, shangazi."

"Huyo niachie mimi."

Sikumwelewa, lakini kubishana naye ni kujichosha. Mama alileta sinia zake na wifi zake. Walipika kaimati, sambusa na viazi vya karai, wakaponda hina, wakafukiza udi mpaka paka akahama. Mwenzangu alikuja kupitia kwao Tezo na gunia la madafu, zawadi ya mama yake, akaomba radhi kwa shangazi huku ameinamisha kichwa. Shangazi alimwambia aache kujiliza na apasue madafu. Akayapasua, kisha akakaa barazani na kompyuta yake kurekebisha mipangilio. Tangu siku ile mazingira ya majaribio yanajua namba mbili tu, yake na yangu.

Baada ya alasiri walianza kuja. Nilisimama mlangoni nikiwahesabu kwa hofu, kisha nikaacha kuhesabu. Hakuna nyumba iliyokosa. Walikuja na watoto kama walivyoambiwa, asumini vichwani, wakaujaza ukumbi na uani, wakala, wakacheka, na hakuna aliyethubutu kuuliza hina ni ya nani. Aliyealika ni yeye, hilo liliwatosha. Mwisho jirani yake mmoja wa siku nyingi, mwanamke asiye na haya, akauliza bibi arusi yuko wapi tumwone.

Shangazi alikuwa ameketi kwenye mkeka katikati ya chumba. Akanyoosha miguu yake mbele, polepole, mmoja baada ya mwingine.

"Mimi niliolewa hata arubaini ya msiba wa baba yetu haijatimia," akasema. "Hapakuwa na hina wala ngoma. Nyote nimewaalika kwa watu. Leo nimewaalika kwangu."

Kisha jirani yule asiye na haya akapiga magoti, akachukua bakuli la hina, akaanza na unyayo, na kwa vigelegele vilivyolia hapo mwenzangu aliruka kule barazani akidhani kuna kilichoharibika. Mama alikuwa analia. Mimi pia nililia, na sikujificha.

Hina ilipokuwa bado mbichi, mwanamke mmoja wa mtaa wa juu alimwinamia shangazi, akamwambia binti yake anaolewa mwezi ujao na anaomba yeye ndiye aalike. Shangazi aliitazama miguu yake iliyopambwa, akaitikisa kidogo, akanielekeza mimi kwa kidevu.

"Sauti nitatoa," akasema. "Ya kutembea zungumza na huyu. Siku hizi yeye ndiye miguu yangu."