Kambi ambayo kompani ya ramani ilisema imeitunga

Mimi ni mutu wa haya. Ninaanza na hilo kwa sababu ndilo lililoleta mambo yote. Darasani mwalimu akiniuliza kitu ninachokijua, ninasema sijui, ili nikae haraka. Kwa hiyo wakati yaya, kaka yangu mukubwa, alinituma nizunguke kambi za wavuvi kuandika majina yake, nilisema ndiyo, na sikuenda.

Yaya anapeleka barafu kwa boti kwenye kambi za kando ya ziwa Mweru, na boti zinarudi Nchelenge na samaki. Madereva wake walikuwa wanapotea kwenye matete. Rafiki yake wa Mansa, fundi wa kompyuta, akamutengenezea programu ya simu: muchuuzi anaomba barafu, dereva anaona kwenye ramani pa kwenda. Ramani yenyewe ilikuwa ya kompani ya mbali. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa kuonja, bila malipo.

"Na nyuma ya mwezi?" yaya aliuliza kwenye simu.

"Nyuma ya mwezi unalipa kila mara mutu anafungua ramani," fundi alisema. "We uko mufanya biashara, hauko mutu wa kutafuta tu njia ya kwenda kwa harusi."

Yaya alidhani ni kitu kidogo. Lakini madereva walikuwa wanaifungua hata bila safari. Walipenda kile kidoti cha buluu, kujiona wenyewe katikati ya ziwa. "Angalia, mi njo huyu," mumoja alikuwa anasema, anafunga simu, anafungua tena. Na kila mara, mahali tusipopajua, kulikuwa na kitu kinachohesabu. Fundi alipotuonyesha tungelipa kiasi gani kama mwezi ule haungekuwa wa kuonja, yaya alikaa juu ya sanduku la barafu mupaka suruali ikalowa. Kwa hesabu ile, mwaka mumoja wa kuangalia ramani ulikuwa bei ya injini mupya ya boti.

"Basi tutatengeneza orodha yetu," alisema. "Majina na mahali tu. We utaenda kambi kwa kambi, unauliza batu jina, unabonyeza simu pale umesimama. Itakuwa yetu, hatulipe mutu."

Kuuliza watu. Wanaume wanaoshona nyavu, wanaonyamaza wote pamoja wakati musichana anafika. Nilikaa siku tatu nyuma ya nyumba na daftari ya hisabati. Mwezi wa kuonja ulikuwa haujaisha, kwa hiyo nilinakili kambi zote kutoka ramani ya kompani: jina, namba za mahali, jina, namba za mahali. Yaya alinisifu mbele ya madereva. Siku ile nilikula vizuri.

Orodha ilifanya kazi, na yaya akaiweka hata kwenye ukurasa wake wa wateja. Kisha barua ya kompani ya ramani ikaingia kwenye simu yake, kwa Kiingereza, naye akanipa niisome kwa sababu mimi ndiye niko shuleni. Ilisema leseni inaruhusu kuangalia ramani, hairuhusu kuchota yaliyo ndani na kuyafanya yako. Ilisema orodha yetu ina kambi moja ambayo haiko duniani. Waliitunga wao wenyewe na kuiweka pale, ili wamujue mutu anayenakili. Tulipe leseni ya mwaka muzima, au tufute orodha yote ndani ya siku saba.

"Kambi gani?" yaya aliuliza.

Nilitaja jina. Kambo, mama ya baba yetu, alikuwa anamenya mihogo mulangoni. Kisu chake kikasimama.

"Nani alikuambia ile jina?"

"Iko kwenye barua, kambo."

"Usiiseme ukiangalia mayi." Akanishika bega, akanigeuza uso kwenye ukuta. Kisha akaeleza, kwa sauti ya chini. Kambi ilikuwako wakati yeye alikuwa mutoto. Maji yalipanda mara moja, na katika nyumba tatu hakutoka mutu. Tangu hapo watu wa ziwa waliacha kulitaja lile jina, ili wale wa ndani wasidhani wanaitwa. Kwa hiyo hata mimi siliandiki hapa.

"Lakini wanasema waliitunga," nilisema.

"Baliitunga kutoka wapi?" kambo aliuliza.

Yaya alikuwa ameanza kucheka. "Basi tumepona. Tutaandika hatukunakili, kambo yetu njo alitupa jina. Kesho tunaenda pale kupiga picha."

Asubuhi tulikwenda, yaya, dereva na mimi. Matete yalifunga nyuma yetu. Kwenye simu kidoti cha buluu kilitambaa mupaka kikalala juu ya lile jina, na injini ikanyamaza.

"Mbona umezima?" yaya aliuliza.

"Sijazima," dereva alisema.

Hakuna ndege aliyelia. Dereva akachukua muti wa kusukumia, akauchovya, ukagonga kitu kigumu. Akasogeza boti kidogo, ukagonga tena. Na tena, kwa nafasi ileile.

"Ni miti," yaya alisema.

"Nani alipanda miti kwa mustari?"

Nilisikia harufu ya moshi wa kuni. Nilitazama pande zote na hakukuwa na moto. Yaya alipiga picha yake, nayo ilionyesha matete na maji tu.

Tuliporudi alitaka mambo mawili: mimi niandike jibu, na kambo aseme jina kwa sauti yake, kwenye simu, kama ushahidi. Akamuwekea simu mbele ya mudomo. Kambo hakumutazama yeye, alinitazama mimi.

"Nitabaita bafu, bale balikufa na mayi, kama ni kweli," alisema. "Niambie, mutoto. Uliisikia kwangu?"

Nikisema ndiyo, boti zitaendelea kesho. Nikisema hapana, yaya atafuta kila kitu mbele ya madereva aliojivuna kwao. Niliangalia miguu yangu.

"Hapana. Nilinakili. Niliogopa kuuliza watu."

Yaya akashusha simu. "Hata kambi moja haukufika?"

"Hata moja."

Nilingoja anipige, hakunipiga. "Haya yako iko bei kali kuliko ramani," alisema, akatoka nje.

Orodha niliifuta mimi, jina kwa jina. Wiki ile madereva walipotea tena, na boti moja ilifika na barafu yote imekuwa maji. Kisha yaya akanipakia kwenye boti na daftari tupu.

Katika kambi ya kwanza, mama mumoja alikuwa anaanika chisense, samaki wetu wadogo, juu ya muchanga. Nilifungua daftari, nikaifunga, nikaifungua tena.

"Mama, hapa banapaita namna gani?"

Alinitajia, mara mbili, polepole. Niliandika, nikabonyeza simu. Haikuwa vigumu vile. Kwa hiyo nikaendelea, nikauliza kama kati ya pale na kambi ya mbele kuko kambi ingine.

Aliacha samaki. Hakugeuka upande wa matete.

"Andika hakuko kitu."

"Hakuko kitu, mama?"

"Andika, mwanangu, njo uende."

Niliandika. Akaniambia nimusomee nilichoandika, nikamusomea. Alinisimamia mupaka nilipopanda boti.