Kanzu ya babu aliyeanzisha kanisa Mzenga ilitukataa wanaume wote wa ukoo

Wakuu, habari za jioni. Haya nayoandika nilikuwepo, tena mimi ndiye niliyevalishwa. Asiyeamini apite tu, sina nguvu za kubishana.

Nipo Kibaha, mitaa ya Sofu, nina duka la spea za pikipiki.

Babu mzaa baba alitoka bara akaja kulima Mzenga, Kisarawe. Akatofautiana na kanisa lililombatiza kwa sababu ya ngoma na kuombea wagonjwa, akaanza kusali nyumbani kwake na majirani. Mpaka anafariki, kanisa lilikuwa na jengo la bati, waumini wanavaa kanzu nyeupe na wanaingia peku. Wote walimwita Baba.

Aliacha agizo moja. Atakayemfuata awe wa damu yake, na kanzu yake imkae bila kukatwa wala kuongezwa. Nadhani alitaka kuzuia ugomvi. Aisee, ndio aliuleta.

Babu alikuwa mrefu. Sisi wanaume wa ukoo ni wafupi, tusidanganyane. Baba yangu alishatangulia mbele za haki. Baba mdogo alijaribu, kanzu ikagoma kwenye tumbo. Binamu zangu nao ikawapwaya.

Nikabaki mimi. Wazee waliniona mara ya mwisho nikiwa bado nakua, wakawa na matumaini.

Mke wangu alicheka sana. "Wewe unayefika ibadani watu wanatoa sadaka, leo ndio uwe Baba?"

Nilienda hivyo hivyo, na moyo ulikuwa mzito. Kuhamia Mzenga sikutaka. Lakini wazee walishatamka kwamba nikishindwa, kanzu inazikwa na mlango unafungwa, kila mtu atafute pa kusali. Kanisa la babu yangu life mikononi mwangu? Iliniuma.

Siku yenyewe kanisa lilijaa. Mzee Yohana, mkubwa wa wazee wa kanisa, akanivalisha mwenyewe huku watu wakiimba.

Nikapiga hatua kuelekea madhabahuni, nikakanyaga pindo, nikaenda chini mzima mzima.

Wimbo ukakatika. Wamama wakaanza kulia. Mzee Yohana akasema kwa sauti ndogo, "Basi. Tumefika mwisho."

Nikavua, aibu tupu.

Shangazi Tabitha, dada yake baba, akaja kuichukua. Huyu ndiye aliyemuuguza babu, na ndiye anayeshona kanzu zote za pale. Vikao vyote vya kutafuta mrithi, yeye alikuwa jikoni anachemsha chai.

Akaikung'uta vumbi, akaipachika mabegani mwake aone kama pindo limechanika.

Likaishia kwenye vifundo vya miguu. Sawasawa kabisa.

Nikajikuta nimesema kwa nguvu, "Shangazi, hebu ivae."

Mzee Yohana akaruka. "Weee! Tabitha, iweke chini. Hiyo ni nguo ya Baba."

Shangazi si mtu wa maneno mengi. Alimtazama, akamjibu kwa heshima zote: "Shikamoo, mzee wangu. Baba hakuwahi kutulia nimpime, kila siku alikuwa njiani anahubiri. Kanzu zake zote nilijipima mimi. Miaka yote hiyo mlikuwa mnamwona kwenye kipimo changu."

Akaivaa. Akatembea mpaka madhabahuni, wala hakujikwaa.

Kisha mama mmoja huko nyuma akaanzisha wimbo ule ule uliokatika, na kanisa zima likaitikia. Mimi nililia wakuu, sioni haya kusema.

Wapo wazee waliosusa, na mpaka leo wanasali kwao. Ila mlango haukufungwa.

Nilichojifunza: tulimtafuta mrithi mpaka Kibaha, na kumbe ndiye aliyekuwa anatumiminia chai kwenye vikao vya kumtafuta. Agizo la babu halikutaja mwanaume popote. Hilo tuliliongeza sisi wenyewe.

Kama na ninyi mmetoka kwenye familia za waanzilishi wa makanisa haya ya kwetu, mzee alipoondoka mlifanyaje? Na anayeona tulikosea aseme, ila aje na hoja, matusi abaki nayo.

NB: Jumapili iliyopita Mzee Yohana alisimama kutoa matangazo, akamgeukia Shangazi, na kwa mazoea akamwita "Baba".

Shangazi akaitika.