Mama mdogo aliitwa mchawi, nami nadhani ulikuwa moshi wa zebaki

Jumapili. Mvua imeshinda ikinyesha hapa Nyarero, nimejifungia ndani na simu ya mjukuu.

Wakuu, habari zenu. Mimi niliishia darasa la nne, nikikosea mnivumilie. Nitasema nilichokiona, na nisipokuwa na hakika nitawaambia.

Miaka ya hamsini baba alikuwa akitafuta dhahabu mtoni. Aliikamata kwa zebaki, halafu anachoma kwenye karai, zebaki inapaa, dhahabu inabaki.

Alichomea wapi? Jikoni kwa mama!

Kwetu jambo la thamani lilifanyiwa nyumba ya mke mkubwa. Ni heshima.

"Funga mlango," baba anamwambia mama, "majirani wana macho."

Mama akaanza kutetemeka mikono. Macho yakawa ya manjano. Siku zake za mwezi zikakatika, na bado alikuwa kijana.

Mama mdogo, mke wa pili, aliishi nyumba ya pembeni. Mzima kabisa, ananyonyesha. Basi hilo ndilo likawa kosa lake!

Shangazi akamkabili: "Mwenzio anakauka, wewe unanawiri. Unamlisha nini?"

"Wifi, nimlishe nini na kila mtu ana jiko lake?"

Wakamrudisha kwao Kewanja, mtoto mgongoni.

Sasa kinachonichosha mpaka leo ni hiki. Mama akahamia nyumba ile ya mama mdogo, isikae bila moto. Baba akabaki anachomea kule kule jikoni kwa zamani, peke yake.

Mama akapona!

"Mmeona?" shangazi akasema. "Mchawi kaondoka."

Utabishana naye vipi? Baba naye alipoanza kutetemeka, wakasema pombe. Kwa haki, alikuwa anakunywa.

Mjukuu wangu anayefanya kazi maabara anasema zebaki huvuruga homoni, na vimeng'enya vya ini vinavyongoja amri ya homoni navyo vinapotea njia, ndiyo macho ya manjano. Mama hakupimwa, huenda ni kingine. Baba hakujua, simlaumu.

Ila mama mdogo hakurudi.

Mnaochoma zebaki, tokeni jikoni. Na kabla hamjamfukuza mtu, angalieni kwanza moshi unaingia nyumba ya nani. Anayejua mambo ya ini anisahihishe hapa chini, sitakasirika.

Nimesahau kitu. Siku anafukuzwa, mama mdogo alipika kwanza. Jioni tukala ugali wa mtama na kuku wake, sote.

Shangazi aliomba aongezewe mchuzi.