Turubai la Kurukia la Majengo

Trampolini ilifika Majengo likizo ya Juni ilipoanza. Wenyewe tuliiita turubai la kurukia. Ilifungwa kwenye uwanja nyuma ya maduka, na ingawa baridi ilikuwa kali, watoto walijaa kuanzia asubuhi. Sikuwa na ugomvi nayo. Hata binti yangu nilimpeleka siku ya kwanza, akaruka mpaka sauti ikamkauka kwa kucheka.

Wakati huo nilikuwa muuguzi wa wodi ya mifupa. Wiki haikuisha, watoto wakaanza kuletwa wameshika mikono. Wengi walikuwa na jeraha lilelile: mfupa umevunjika juu kidogo ya kiwiko. Ukiwauliza, na maelezo ni yaleyale. Wameruka wengi pamoja, mkubwa katua, mdogo karushwa hadi kwenye vyuma vya pembeni. Foleni ya eksirei ikawa inatoka mlangoni. Plasta ya kufungia hogo, lile gamba gumu la kushikilia mfupa uliovunjika, ikatuishia, tukawa tunaazima wodi nyingine.

Kwenye kitanda cha dirishani kulikuwa na bibi mmoja wa Mpitimbi. Aliteleza akitoka shambani na mzigo wa kuni, nyonga ikavunjika. Daktari wa mifupa tulikuwa naye mmoja tu. Jumanne bibi aliandaliwa kwa upasuaji, hakula wala kunywa tangu alfajiri. Kabla hajaingizwa, akaletwa mtoto ambaye vidole vyake vilikuwa vya baridi na vyeupe. Damu ilikuwa haifiki mkononi. Mtoto wa namna hiyo hangoji. Bibi akarudishiwa uji wake mchana. Alhamisi ikawa hivyohivyo. Ijumaa nikaenda tena kumwambia.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Leo tena?”

“Leo tena. Naomba unisamehe.”

“Mtoto atangulie, simkasirikii. Ila hao watoto wanaangukiaga wapi kila siku?”

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, rozari ikiwa imezungushwa kwenye kiganja chake.

“Na mwenye hilo turubai mmemwambia?”

Hatukuwa tumemwambia. Wiki nzima tulikuwa tumelalamika wenyewe kwa wenyewe tukinywa chai, na hakuna aliyekwenda uwanjani kumwona.

“Basi mimi nashinda njaa kwa ajili yake,” alisema, “na yeye hata hajui kama nipo.”

Nilikwenda kwa msimamizi wa wodi, nikamwomba tumwone mwenye turubai. Alikuwa mama mwema, amebakiza miaka michache kustaafu. Akafunga mlango kwanza.

“Sisi kazi yetu kutibu,” akaniambia. “Yule baba anajuana na wakubwa hapa mjini. Usijiingize.”

Zamu yangu iliisha saa nane mchana. Sikuvua sare. Nilitembea hadi uwanjani, na nilipofika niliwakuta watoto kumi na kitu wanaruka kwa mpigo, wadogo wakipepesuka katikati kama karanga kwenye kikaango. Mtu mzima wa kuwasimamia hakuwepo; akina mama waliowaleta walikaa mbali wakipiga soga. Nikasimama kwenye ngazi ya kupandia, nikawaita washuke wote. Sare nyeupe ina nguvu zake. Walishuka.

“Sasa mtapanda mmoja mmoja,” nikasema. “Wewe wa gauni la njano, anza.”

Mwenye turubai akatoka dukani kwake mbiombio. Alikuwa mfanyabiashara mgeni wa mkoa huu kama mimi.

“Dada, vipi? Umetumwa na nani?”

“Nimetumwa na bibi wa Mpitimbi mwenye nyonga iliyovunjika.”

“Bibi gani? Huyo kaangukia hapa kwangu?”

“Hapana. Lakini siku tatu ameshindwa kufanyiwa upasuaji kwa sababu ya wanaoangukia hapa kwako.”

Alicheka, akageukia akina mama waliokuja na watoto ili wacheke naye. Hawakucheka. Mmoja akauliza, “Ni kweli, nesi, wanavunjika?” Nikaonyesha kwenye mkono wangu mwenyewe mfupa unapokatikia. Akina mama wawili wakachukua watoto wao wakaondoka. Hapo ndipo kicheko kilipomwisha.

“Unaniharibia. Nitakushtaki kwa wakubwa wako.”

“Nishtaki. Lakini ziba hivyo vyuma kwa magodoro, na weka mtu mzima asimame hapa. Mpaka uweke, nitasimama mimi.”

Nilisimama hadi jua likazama. Jumamosi sikuwa na zamu, nikaenda tena. Siku zote mbili sikuondoka pale kwenye ngazi.

Jumatatu nikakabidhiwa barua ya uongozi wa hospitali: nijieleze kwa nini nilitumia sare ya serikali kuvuruga biashara ya mtu. Nilijibu kwa mkono wangu, nikaorodhesha kila kiwiko tulichopokea na kila siku ambayo bibi alishinda njaa. Nikapewa onyo la maandishi.

Magodoro yalifungwa wiki ileile. Akawekwa pia mama mmoja mwenye sauti kubwa wa kuwaita watoto kwa zamu. Hatukuacha kabisa kupokea mikono iliyovunjika, ila ilipungua sana, na bibi alifanyiwa upasuaji Jumatano bila kuahirishwa. Alirudi Mpitimbi kwa magongo, akilalamika kwamba mahindi yake yameliwa na ngedere.

Baadaye msimamizi alinishauri niandike barua fupi ya kuomba radhi, ili lile onyo liondolewe kwenye faili langu. Nilimshukuru kwa kunijali. Onyo bado liko kwenye faili, na mimi radhi sijaomba.