Udi wa mama mkwe wangu

Assalaam alaykum, admin. Jina langu lifiche na mtaa wangu pia, maana Mji Mkongwe tunajuana wote, na mama mkwe wangu ana wajukuu wanaomsomea kurasa kama hizi.

Nina miaka thelathini na mbili, watoto wawili, na nimeolewa mara mbili ndani ya nyumba moja. Mume wangu wa kwanza alifariki kwa maradhi ya ghafla. Eda ikaisha, muda ukapita, wazee wakakaa wakaona watoto wasitoke kwenye ukoo, nikaolewa na mdogo wake. Sikulazimishwa. Huyu wa sasa ni mtu wa taratibu, anafanya kazi hotelini Mbweni, na watoto wanamwita Ami kama walivyomzoea. Na msinidhanie mnyonge. Nina mdomo mimi. Muuza samaki wa Darajani akiniona naingia anawaficha samaki waliolala.

Tatizo langu ni udi. Najua mtacheka, mwanamke wa Unguja anayekimbia udi. Marehemu alikuwa akipenda chumba kifukizwe kabla hajapanda juu. Naweka makaa kwenye chetezo, natia udi, nafukiza mashuka na kanga zangu kama nilivyofundishwa na somo wangu, kungwi aliyenifunda. Akiingia anafunga mlango, anawasha redio, halafu ananipiga. Sababu ilikuwa haikosekani. Chini watu wakisikia harufu wanatabasamu, wanajua mke na mume wako kwenye mambo yao, na hakuna mwenye adabu anayepanda ngazi wakati huo. Kesho yake ananiletea halua ya moto, ananilisha kwa mkono wake, ananiomba radhi. Naona haya kuandika, lakini siku ile ya halua nilikuwa nafurahi kuliko bibi harusi.

Sasa nina mume ambaye hajawahi hata kuninyanyulia sauti. Siku ya kwanza ya ndoa yetu, mama mkwe aliweka chetezo chumbani kwa mkono wake. Moshi uliponifikia, sikumbuki nilivyoshuka ngazi. Nilijikuta jikoni nimejibana nyuma ya mlango, nguo imelowa jasho, meno yanagongana. Mume wangu alikuja akakaa chini pembeni yangu bila kuniuliza kitu. Tangu hapo, harufu ikipita tu dirishani kutoka kwa jirani, moyo unanienda mbio.

Nilikwenda hospitali nikidhani ni presha. Daktari, mwanamke wa makamo, akanipima akasema moyo wangu mzima, kisha akarudisha mlango akaniuliza ni nani aliyenitisha. Nilimweleza yote, na ni yeye peke yake anayejua mpaka leo. Akanifahamisha kwamba ubongo una sehemu yake ya kulinda, na sehemu hiyo haisubiri akili ifikiri. Ilishajifunza kuwa udi ukinuka kipigo kinafuata, basi harufu ikifika inapiga kengele, mwili unakimbia, na mimi mwenyewe napata habari mwisho. Hata ile furaha ya halua, akasema, ni ubongo huo huo. Ukitoka kwenye hofu kubwa, nafuu yake inakuwa tamu mno, na mtu anafungwa na utamu ule. Akasema hupona, ila polepole, na nisilazimishwe kuinusa. Akaniambia nimweleze mume wangu.

Nimweleze nini? Marehemu ndiye aliyemlea na kumsomesha. Picha yake iko sebuleni na mume wangu huisalimia kwa macho kila akitoka. Nilianza siku moja, nikasema kaka yako alikuwa mkali. Akatabasamu, akasema ndiyo, kwa ukali ule ndiyo maana yeye leo ni mtu. Nikamwambia tu kwamba udi unanidhuru, naye akakiondoa chetezo mwenyewe.

Lakini mama mkwe hakuridhika. Kwake yeye, mwanamke asiyevumilia udi kapandwa na sheitani. Wiki hii aliniita, akanikalisha, akanishika mkono.

"Mwanangu, mie sikuchukii," alisema. "Lakini tokea afe mwanangu, chumba kile hakijanukia. Zamani nkisikia udi ule unashuka ngazini, nnalala roho yangu nyeupe, nnajua mwanangu yuko kwenye raha yake. Huyo sheitani anayekunyima raha sasa, tutamtoa."

Akalia. Na mimi mwenye mdomo wangu nikamfuta machozi kwa kanga yangu. Keshamwita mganga. Alhamisi baada ya alasiri nitafunikwa shuka gubigubi, chetezo kiwekwe humo humo chini ya shuka, mpaka sheitani aseme. Nilimlilia mume wangu, akaniambia kwa upole wake wote, "Mridhishe mama, mke wangu. Ni mara moja tu, na mie ntakuwa nimesimama hapo hapo mlangoni." Hajui kwamba udi ukinuka, mwanamume aliyesimama mlangoni ndiye ninayemuogopa.

Naandika haya nimekaa nje barazani kwa sababu ndani hakukaliki. Mama mkwe yuko jikoni anaupika udi wenyewe, kwa sukari na marashi yake, kwa ajili ya Alhamisi, ule ule aliokuwa akitupikia zamani, na huku anajiimbia. Nikikataa, nimekubali kuwa nina sheitani, na maneno ya talaka nishayasikia kwa mawifi. Nikikubali, sijui nitatoka vipi chini ya shuka lile. Na nikisema kweli, namfukua maiti mbele ya mama yake.

Ndugu zangu, nyinyi hamnijui na mimi siwajui, kwa hiyo niambieni bila kunionea haya. Niingie chini ya shuka, au nimwambie yule mama alikuwa akilala roho nyeupe kwa harufu ya nini?